Marufuku Kutoa Povu

Jina la nchi yenyewe halitatajwa. Ni nchi ya amani, na watu wa amani hawapendi kutajwatajwa. Inatosha kujua kwamba ilikuwa na Mtukufu mmoja, bendera yenye rangi za kutosha, na wilaya iitwayo Nyamazeni, ambako Chande Mkwiru alikuwa na saluni ya kiume yenye viti viwili. Kiti kimoja kilikuwa chake, cha pili cha rafiki yake Ngwali, waliyeanza naye kunyoa watu tangu siku za wembe na kipande cha kioo. Chande alikuwa mtu wa maneno machache. Ngwali alisema fungu lake na la Chande pia, na hivyo hesabu ikawa sawa kwa miaka ishirini na mbili.

Mambo yote yalianzia kwenye kichwa cha Mtukufu. Kilikuwa kikimwasha. Madaktari saba wa Ikulu walikikagua kwa zamu, na kwa kuwa heshima iliwataka wakague wakiwa wamepiga magoti, waliandika taarifa ndefu kwamba kidevu cha Mtukufu ni kizima kabisa. Mwasho ukaendelea.

Ndipo siku moja, kwenye karamu ya ugenini, bibi mmoja aliyeketi karibu naye akamwona anavyojikuna kwa uma, akamwonea huruma. Akamwambia aachane na shampuu za dukani, zinakausha ngozi na kuleta mba. Atumie utomvu wa mshubiri na mafuta ya nazi. Ushauri ulikuwa mzuri, asikudanganye mtu. Mtukufu akaujaribu wiki mbili, kichwa kikatulia. Basi. Katika nchi ile, kitu kikimfaa Mtukufu usiku, asubuhi ni sheria.

Waraka ulipotoka Ikulu ulikuwa na kurasa arobaini na mbili. Ulieleza kwa ufasaha kwamba raia wa kiume waache shampuu za viwandani, zile zenye kemikali na povu jingi, waoshe nywele zao kwa mimea na mafuta ya nchi yao. Wanawake hawakuguswa, kwa sababu Mama Mtukufu alikuwa na chupa kumi na nne bafuni na hakuna aliyejitolea kwenda kuzitoa. Ukurasa wa thelathini ulikuwa na picha ya nazi.

Wizarani waliufupisha ukawa kurasa sita, kwa kuwa waziri alikuwa na safari. Mkoani wakaufupisha tena ukawa ukurasa mmoja, bila nazi. Wilayani mashine ya kuchapa haikuwa na wino tangu uchaguzi, kwa hiyo karani akatuma ujumbe kwa simu, na neno lililomfikia Sajini Kobelo wa kituo cha polisi cha Nyamazeni lilikuwa hili: WANAUME WOTE MARUFUKU KUTOA POVU.

Mtu mwingine angeuliza ni povu gani. Lakini Sajini Kobelo alikuwa ameupata usajini kwa kutouliza. Na isitoshe, neno lenyewe nani asiyelijua? Nyamazeni nzima, mtu akipandwa na hasira akalalama mpaka mate yakamjaa pembeni mwa mdomo, husemwa anatoa povu. Sajini akaona kumbe Serikali nayo ina siku inasema jambo la maana. Akaufuta ujumbe ili adui asiusome, akaenda saluni kuoshwa kichwa kabla ya kuanza kazi.

Alikaa kwenye kiti cha Ngwali. Ngwali akammiminia shampuu ya kijani, akamsugua mpaka povu likashuka masikioni, kisha akafungua bomba. Bomba likakohoa mara moja, likanyamaza.

“Yale yale!” Ngwali akasema. “Siku ya nne hii! Maji yako wapi? Mvua inanyesha wiki nzima, mitaro imefurika, vyura wanapiga hodi mlangoni, bomba kavu! Nchi gani hii, jamani?”

Sajini akainuka kwenye kiti. Povu lilikuwa limemfunika jicho la kushoto, likimdondokea kwenye vifungo vya sare.

“Ndugu Ngwali, uko chini ya ulinzi. Unatoa povu.”

“Mimi? Afande, povu si hilo, liko kichwani kwako!”

“Langu la shampuu,” Sajini akasema kwa subira, akilipangusa kwa kiganja. “Lako linatoka mdomoni. Tena sasa hivi umeongeza.”

Akamtia pingu, akamswaga kwa miguu mpaka kituoni, povu likidondoka njia nzima, hata mgeni asingeuliza polisi ni wapi. Chande alibaki na taulo mkononi. Hakusema neno, na kwa hilo alijilaumu sana, ingawa kama angelisema wangekuwa wawili.

Ndani ya siku kumi Nyamazeni ikawa wilaya ya adabu isiyo kifani. Mwanamume akikanyagwa sokoni alisema asante. Aliyeuziwa nyama yenye funza aliuliza kama kuna nyingine. Hospitalini, daktari alipowauliza wagonjwa wa kiume kinachowasumbua, walijibu hakuna kabisa, daktari, hatujambo, wakarudi nyumbani kuugua kwa heshima.

Wanawake ndio waliokuwa na kazi. Waraka haukuwataja, basi mume mwenye jambo moyoni alimnong'oneza mkewe, na mke akaenda nalo ofisini akalimwaga lote. Bi Siwema, mke wa Chande, mwanamke aliyejaaliwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, alikuwa na foleni ya wanaume barazani kwake tangu alfajiri. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alisimama humo, kofia mkononi, akisubiri kulalamikiwa habari ya dampo.

Siku ya kumi na moja Siwema akainua macho, akamwona mumewe mwenyewe mwishoni mwa foleni.

“Baba Riziki! Na wewe?”

“Nimeona si vizuri kuwaruka wenzangu,” Chande akasema. “Mama Riziki, ni habari ya Ngwali. Twende kwa Mkuu wa Wilaya. Wewe useme, mimi nitasimama pembeni nikionekana nimeridhika.”

Mkuu wa Wilaya aliitwa Mheshimiwa Dokta Tindwa. Udokta alitunukiwa na chuo ambacho hata yeye hakukumbuka kiko bara gani. Aliwakaribisha viti, akamwomba Siwema aanze, akafumba macho. Siwema akaanza. Alisema robo saa bila kituo, na vumbi likapukutika kutoka kwenye feni.

“Umemaliza, bibi?” Mheshimiwa akauliza alipofumbua macho.

“Nimepumzika tu.”

“Basi nisikilize kabla hujaanza tena. Huo waraka wenyewe, ule mzima, umeletwa juzi na watu wa Ikulu, nami nimeusoma wote jana, kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta karatasi ya kuegemeza mguu wa meza. Unahusu shampuu.”

“Shampuu!”

“Shampuu. Kuna hata picha ya nazi.”

Siwema akapiga makofi mawili ya mshangao. “Sasa si umwachie Ngwali wa watu, baba!”

“Nimwachieje? Nimeshapeleka taarifa mkoani kwamba wilaya hii imenasa watoa povu mia nne na kumi na wawili. Mkoa umefurahi. Wizara imefurahi. Nimepewa cheti, kile pale, cha fremu. Kosa likishapigiwa makofi, bibi, si kosa tena, ni mafanikio. Jumamosi lori linakuja kuwachukua kwenda Kambi ya Kukaushia. Ni miaka miwili tu, huko nyikani. Mtu anakaa juani mdomo wazi mpaka povu likauke lenyewe. Ni mradi wa kitaalamu.”

Ngwali alikuwa mtu wa kifua. Vumbi la kufagia saluni tu lilimlaza siku mbili, akikohoa mpaka macho yanamtoka. Miaka miwili ya nyika asingeimaliza, na Chande alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Mheshimiwa akamtazama, akamwona anavyotetemeka huku akitabasamu kama sheria inavyotaka. Akakohoa kidogo.

“Lakini Mungu si Athumani. Ijumaa Mtukufu anakuja hapa Nyamazeni kuzindua Kampeni ya Kichwa Asilia. Ataoshwa nywele hadharani, mbele ya taifa, kwa vitu vya asili. Kinyozi wake wa Ikulu ameugua ghafla, alikuwa akiujaribu mchanganyiko wa kumwoshea. Wewe ndiye kinyozi pekee niliyebaki naye mwenye mikono huru. Mwoshe Mtukufu vizuri, afurahi, na mtu akifurahi huombwa jambo. Mimi siahidi. Nasema tu kwamba aliyefurahi huombwa.”

Chande akaenda kituoni kumpa Ngwali habari hiyo. Mahabusu ilijaa mpaka dirishani, na ajabu ni kwamba ndipo mahali pekee katika wilaya nzima palipokuwa na mazungumzo. Wanaume waliokwisha kukamatwa hawakuwa na la kuogopa tena. Walikuwa wakilalamika kwa zamu, kwa utaratibu mzuri, na aliyelalamika vizuri alishangiliwa. Ngwali akajipenyeza mpaka kwenye nondo. Sauti ilikuwa imemkauka, na kila akivuta pumzi kifua kilipiga filimbi.

“Kwa hiyo roho yangu iko kwenye utosi wa mtu,” akasema alipokwisha kusikia yote.

“Ndiyo hivyo, ndugu yangu.”

“Chande, umenyoa vichwa elfu. Umeshakata sikio la mtu hata mara moja?”

“Mara moja.”

“La nani?”

“Lako.”

Wakacheka wote wawili, halafu Ngwali akashikwa na kikohozi, na kicheko cha Chande kikakatika palepale. Alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya kula.

Alhamisi mchanganyiko ukaletwa katika gari lenye ving'ora. Ulikuwa umebuniwa na Kamati ya Taifa ya Nywele Asilia, wajumbe kumi na tisa, wote vipara, ili pasiwe na mgongano wa maslahi. Kamati iliona nazi na mshubiri ni vitu vya kawaida mno kwa shughuli ya kitaifa. Ikaamua: majivu ya migomba, magadi vijiko vinane, na maji ya ndimu ishirini ya kumalizia, pamoja na pilipili manga kiasi, ili kuamsha mizizi iliyolala.

Chande aliisoma karatasi mara mbili. Akamtafuta Mheshimiwa Tindwa, akamkuta anasimamia mafundi wanaopaka rangi bomba jipya jukwaani.

“Mheshimiwa, ningeomba nitumie majani ya mkunazi. Bibi yangu alituosha nayo sote. Yanasafisha, yanalainisha, na yanatoa povu zuri, jepesi.”

“Yanatoa nini?” Mheshimiwa akaruka nyuma. “Povu? Mbele ya Mtukufu? Kwenye sherehe ya kupinga povu? Umeingiwa na nini wewe?”

“Basi niseme moja tu. Magadi na ndimu vikikutana...”

“Ndugu Chande.” Mheshimiwa akateremsha sauti, akatazama huku na huku. Sajini Kobelo alikuwa amesimama hatua chache tu, pingu zikimning'inia kiunoni. “Hilo unalotaka kusema, ni pongezi au ni lalamiko?”

Chande akafikiri. Kila mama anayepika maharage Nyamazeni alijua magadi yakikutana na ndimu yanafanya nini. Lakini namna ya kulisema hilo kama pongezi hakuipata.

“Ni pongezi, Mheshimiwa,” akasema.

“Kamati itafurahi.”

Ijumaa kiwanja kilijaa. Wanaume walisimama upande wa kulia wakiwa kimya kama wamemeza mawe, wanawake kushoto wakisema kwa niaba ya wote. Mtukufu akawasili na magari ishirini na manne. Akahutubia saa nzima juu ya povu.

“Wananchi,” akanguruma, “povu ni nini? Povu ni upepo uliovaa nguo! Taifa haliwezi kujengwa kwa upepo uliovaa nguo! Mwanamume wa kweli husafisha kichwa chake kwa kile alichopewa na ardhi yake!”

Wakapiga makofi. Akavua kofia, akaketi, akafungwa shuka nyeupe shingoni. Kipaza sauti kidogo kikaachwa kwenye kola yake, ili taifa lisikie jinsi anavyoburudika.

Chande akakunja mikono ya shati. Akapaka majivu na pilipili na magadi, akasugua polepole, akimwomba Mungu. Kisha, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, akachukua bakuli la ndimu akamimina.

Kichwa cha Mtukufu kikachemka. Povu la kijivu likafumka kwa sauti, likapanda shubiri nzima, likapinda, likaanza kushuka usoni kama uji uliosahauliwa jikoni. Mtukufu akapiga ukelele ambao vipaza sauti kumi na sita viliufikisha mpaka wilaya jirani.

“Macho! Macho yangu! Maji!”

Mheshimiwa Tindwa akarukia bomba jipya, akalifungua. Halikukohoa hata kukohoa. Lilikuwa limepakwa rangi vizuri sana, lakini mradi ulikuwa na awamu mbili, na mabomba ya chini ya ardhi yalikuwa awamu ya pili.

“Maji yako wapi?” Mtukufu akapaza. “Nasema maji yako wapi! Mvua imeninyeshea njia nzima, gari limekwama mara tatu kwenye matope, halafu bomba kavu! Nchi gani hii? Nani anaiongoza nchi hii? Barabara mashimo, nimepigwa kichwa kwenye paa la gari mpaka nikaona nyota! Jana umeme umekatika nikiwa kwenye lifti! Naletewa mawaziri mizigo, kamati ya vipara, waongo watupu! Mtu anasema kila siku hakuna anayemsikiliza!”

Akaendelea dakika kumi nzima. Wanaume wa Nyamazeni walisikiliza midomo wazi. Kila neno walikuwa wakilijua. Baadhi yao machozi yaliwalengalenga, maana hawakuwahi kusikia likisemwa vizuri namna ile. Siwema, ambaye hakungoja awamu ya pili, alikuwa ameshakwenda kukinga maji ya mvua kwenye mtaro wa paa la shule, akarudi mbio na ndoo, akammwagia Mtukufu kichwani yote.

Hapo ndipo Sajini Kobelo alipopanda jukwaani. Walinzi walimpisha, wakidhani ameitwa. Uso ulikuwa umesawijika kwa hofu, lakini sheria ni sheria, naye hakuwahi kuuliza. Akatoa pingu. Mheshimiwa Tindwa alipoona hivyo akakaa chini palepale, kwenye tope.

“Unataka nini wewe?” Mtukufu akauliza, jicho moja likifunguka.

“Mtukufu, ni waraka wako. Wanaume wote marufuku kutoa povu.”

Mtukufu akajishika kichwa, akautazama mkono wake uliojaa ute wa kijivu. Akamgeukia Chande. “Kinyozi. Niliambiwa hakutakuwa na povu. Hili ni povu gani?”

Kiwanja kizima kikamtazama Chande Mkwiru, mtu wa maneno machache. Ajibu kwamba Kamati imekosea, hilo ni lalamiko, lori lingempakia kesho pamoja na Ngwali. Aseme hakuna povu, uongo ungeonekana kwa macho. Alimfikiria Ngwali na ile filimbi ya kifuani, akaona kwamba kama kuna siku ya kutumia akiba ya maneno aliyoiweka miaka yote, ndiyo hii.

“Hilo ni povu la asili, Mtukufu.”

“La asili?”

“La asili kabisa. Halikutoka dukani, halina kemikali. Liko ndani ya mtu mwenyewe, limetulia zake. Likikutana na kinachowasha, linatoka. Hata bibi zetu walikuwa nalo. Waraka wako haukulikataza, Mtukufu. Waraka wako umekataza la kiwandani.”

Mtukufu akafikiri. Akatazama kulia, kushoto, na chini kwenye pingu.

“Ndivyo nilivyoandika!” akanguruma kwenye kipaza sauti. “La kiwandani! La asili nani kalikataza? La asili ruksa! Tena lina faida! Mimi mwenyewe najisikia mwepesi sana!”

Makofi yakalipuka. Mheshimiwa Tindwa aliyapiga akiwa bado amekaa topeni. Sajini Kobelo akarudisha pingu kiunoni, akatoa daftari, akaandika kwa herufi kubwa: LA ASILI RUKSA.

Asubuhi ya Jumamosi, lori likiwa limeshapiga honi nje ya kituo, Sajini akasimama mbele ya mlango wa mahabusu na shada la funguo mkononi. Chande alikuwa pembeni yake na shuka la kumfunika mgonjwa. Ngwali akaletwa kwenye nondo, wa kwanza.

“Ndugu Ngwali. Povu lako ni la asili au la kiwandani?”

“Afande,” Ngwali akasema kwa ile sauti iliyobaki, “hili nimezaliwa nalo.”

Sajini akatia alama kwenye daftari, akachagua ufunguo, akauingiza kwenye kufuli. Hapo akasita. Akatazama nyuma, akatazama dirishani. Akamwinamia Chande.

“Hiyo ruksa,” akanong'ona, “na sisi askari tumo?”

“Mtukufu amesema la asili ruksa. Hakubagua.”

“Kwa sababu mimi, mwenzangu,” Sajini akasema, na mkono ukaachia ufunguo, “mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Kumi na tisa! Ngoja nikwambie habari ya buti hizi.”

Akavuta kiti, akaketi mbele ya mlango. Uso ulikuwa umeanza kumwiva. Wanaume mia nne na kumi na wawili wakasogea kwenye nondo, na Chande akamkunjulia Ngwali shuka kupitia nafasi iliyokuwepo, akamfunika mabega. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Hata jua lilipofika utosini, Sajini Kobelo alikuwa bado yuko kwenye buti la mguu wa kushoto.